Panya wa Upande wa Kushoto

Jicho la Tumbo, mashine ya kutazama mimba, lilipita polepole juu ya vizimba. Ndani ya kila panya jike lilionyesha watoto wake, wakiwaka kwenye kioo kama punje za mtama. Halikukata wala halikuchoma; lilitumia mawimbi ya sauti, laini kiasi kwamba panya waliendelea kulala. Mtoto alipokufa, nuru yake ilififia, mwili wa mama ukamnyonya, na baadaye hapakuonekana kitu.

Asubuhi hiyo punje nyingi zilikuwa zimezimika. Daktari Zawena Mkilindi, mwenyewe mjamzito wa miezi minne, alisimama mbele ya kioo.

Maabara yake ndiyo iliyopima vidonge vya Neema, vitamini A yenye nguvu mpya, ambavyo jiji la Mtakuja liliwagawia wajawazito wote. Panya wa kulia walilishwa vitamini na mlishaji, mkono wa chuma uliotembea juu ya reli. Wa kushoto hawakupewa, ili wawe wa kulinganishia. Pande zote mbili zilipoteza watoto sawasawa, basi kompyuta ya maabara ikatoa hukumu: huo ni udhaifu wa ukoo wa panya hawa, vitamini haina kosa. Siku ya uzinduzi Zawena alimeza kidonge cha kwanza mbele ya watu, nao wakapiga vigelegele.

Sasa zahanati zilileta habari za mimba kuharibika. Alikuwa amerudia kipimo, na jibu lilikuwa lilelile. Lakini mfugaji aliyemuuzia panya alimwambia kwamba kwake wanazaa mpaka anakosa vizimba.

Bibi Asumini, mfagiaji wa maabara, aliingia na stuli mkononi.

"Kaa, mwanangu. Tazama miguu ilivyovimba!"

Akainama, akamvua viatu bila kuombwa. Kisha akatoa kichupa mfukoni, akachovya unyoya wa kuku, akaanza kuwapaka midomoni panya wa kushoto.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nawapa haki yao. Huyu bwana wako wa chuma ana ubaguzi. Wa kule anawalisha, hawa anawaruka. Kwani wao mimba zao za kuazima?" Akacheka.

"Ni nini hicho?"

"Mafuta ya ini la papa. Kwetu mjamzito akidhoofu hupewa tone, anapata nguvu."

Zawena alishika ukingo wa meza. Ini la papa ni ghala la vitamini A. Panya walioachwa bila kitu hawakuwahi kuachwa; pande zote mbili zilikuwa zimekula sumu ileile.

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu mwanzo. Si ulikuwa hapo hapo, macho kwenye kioo?"

Mkono wa chuma ulipima kila chembe uliyoitoa wenyewe. Hakuna aliyeufundisha kutazama mkono wa mtu.

Zawena aliwapigia viongozi wa jiji. "Simamisheni vidonge. Ndiyo, vyote, sasa hivi. Vinaua mimba. Kosa ni langu."

Alipogeuka, Bibi Asumini alikuwa akiwatazama panya wa kushoto, kichupa mkononi.

"Nimewaulia watoto wao?"

"Hukujua, Bibi. Sikuwahi kukueleza kwa nini hawa tunawaacha."

Zawena akapanda juu ya meza ndefu, akalala chali, akalivuta Jicho mpaka juu ya tumbo lake.

"Niangalizie. Mimi siwezi."

Bibi Asumini alikuwa amekipangusa kioo kile kila asubuhi, na alijua nuru iliyo hai inavyoonekana. Jicho likapita. Likarudi, likapita tena.

"Anawaka?" Zawena aliuliza, macho yake darini.

Bibi Asumini alivua kanga mabegani, akakifunika kioo. Kisha akaviokota viatu sakafuni, akaanza kumvalisha, kimoja, halafu cha pili, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.