Mshale wa Juu

SAA TATU ASUBUHI

"Nani atamfunga mlinzi?" Makufuli aliuliza.

"Hakuna mlinzi," Kidole akasema.

"Kengele?"

"Hakuna."

"Mlango?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi wizi gani huu? Mnanichezea."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha duka la matairi, mlango umekomewa. Makufuli, kiongozi wao, alikuwa amevunja makabati ya chuma maisha yake yote. Kitu kisichogongeka hakikumwingia akilini. Kidole akamgeuzia laptopu: dirisha jeusi, maandishi meupe, hakuna hata picha moja ya kumfurahisha mzee wa watu.

"Kampuni ya kamari imeweka pesa ndani ya mkataba," akaeleza. "Si karatasi. Ni programu iliyopandishwa kwenye mtandao. Inashika pesa, inatii masharti iliyoandikiwa. Mwenye ufunguo, yaani maneno yake ya siri, anaweza kuyabadilisha, na ufunguo tunao. Ninaandika amri hapa. Ya kwanza inapandisha mkataba wetu, wenye mlango wa nyuma. Ya pili inaliambia kabati lao, yaani mkataba wao, liutii mkataba wetu. Ya tatu inatoa pesa zote, zinaingia kwenye anwani yako, namba ya pochi yako ya mtandaoni. Wewe unatugawia."

"Na zikipotea?"

"Hazipotei."

"Zikipotea," Makufuli akasema polepole, "nitamuuliza aliyebonyeza."

Ufunguo uliletwa na Kiyoyozi. Alikuwa fundi wa viyoyozi wa kampuni ile, na huko darini alikokuwa akitambaa, macho yake yaliona yasiyomhusu. Alikuwa shemeji yake Kidole, mdogo wa mumewe. Mume mwenyewe, Usukani, alikuwa dereva wa genge. Alisimama nyuma ya kiti cha mkewe, akimkanda mabega.

"Baada ya hii tunaacha, mama," akamnong'oneza. Waliahidiana hivyo. Mji mwingine, nyumba ndogo, usingizi usio na mashaka. Kidole aliitaka nyumba hiyo kuliko alivyozitaka pesa.

SAA SITA MCHANA

Kazi ilipangwa saa saba, mafundi wa kampuni wakienda kula.

Jana jioni Kidole alikuwa amefanya mazoezi ya amri zote tatu kwenye mtandao wa majaribio, ambako mikataba ni ya kweli ila pesa ni za kuchezea. Kisha akaziandika upya kwa ajili ya mtandao halisi, akazihifadhi kwenye orodha ya amri bila kuzituma, tayari kwa leo. Tofauti ilikuwa neno moja tu mwishoni mwa amri.

Alikuwa na tabia moja mbaya. Hakuwa akiandika amri mara mbili. Akibonyeza mshale wa juu, amri ya mwisho inarudi yenyewe. Akipiga Enta, imekwenda. Hasomi. Kila aliyewahi kukaa naye alimjua kwa tabia hiyo.

Leo, kwa woga tu, alisoma.

Amri ya tatu ilirudi, neno kwa neno. Lakini anwani ya Makufuli iliishia na tisa mbili. Mzee alikuwa ameikariri asubuhi nzima kama mtoto wa darasa la kwanza. Hii iliishia na nne na F.

Mtu alikuwa ameifungua mashine usiku, akabadilisha anwani, akaacha kila kitu kingine palepale. Pesa zingekwenda kusikojulikana, na kidole kilichobonyeza kingekuwa chake.

Nywila ya mashine waliijua wawili. Mumewe, kwa sababu alimwambia mwenyewe. Na pengine Kiyoyozi, aliyekaa naye jana akimkodolea macho vidole. Akamtazama shemeji yake. Jasho linamtoka. Simu ameificha chini ya meza, anachungulia, anaficha, anachungulia tena.

Usukani akamletea kikombe cha chai. "Kunywa, mama. Umekonda kwa mawazo."

Mungu wangu, awe shemeji. Aliomba hivyo kabisa, bila aibu.

Akisema sasa, Makufuli atapiga risasi kwanza, atauliza baadaye, na huenda akampiga asiyehusika. Kidole akavuta mashine karibu. Anwani ya mwizi akaiacha ilivyo. Kwenye amri zote tatu akabadilisha lile neno la mwisho tu: badala ya mtandao halisi, majaribio. Mwizi aone imefaulu. Halafu tuone nani atainuka.

SAA SABA KAMILI

Mshale wa juu. Enta. Imefaulu.

Enta. Imefaulu.

Enta. Imefaulu.

"Zimeingia?" Makufuli akauliza, simu mkononi. "Mbona kwangu kweupe?"

"Nipe dakika tano, Mzee. Mtandao mzito."

Kiyoyozi akainuka.

"Unakwenda wapi, shemeji?" Sauti ya Kidole ilitoka kali kuliko alivyotaka.

"Nje. Mara moja tu."

"Kaa. Lete hiyo simu."

Kijana akaiweka mezani. "Mke wangu yuko leba tangu alfajiri. Niliogopa kusema. Mzee angeahirisha kazi."

Ujumbe ulikuwa pale, wa mkunga, wazi kabisa. Kidole akatamani angekuta wizi.

"Naenda kuwasha gari," Usukani akasema. Akamgusa bega, akatoka.

Injini ikawaka nyuma ya duka. Ilipaswa kunguruma palepale ikiwangoja. Kidole akasikiliza. Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu aliisikia kwa mbali, kisha hakusikia kitu.

Makufuli akaitoa bastola, akailaza mezani taratibu. "Mumeo anatusahau, binti?"

Kidole akamweleza yote. Anwani, nywila, neno la mwisho. Pesa za kampuni hazijaguswa hata senti.

"Maneno matamu," mzee akasema. "Nitajuaje kwamba hukula naye njama?"

Simu ya Kidole ikaita. *Mume wangu*, kioo kikasema.

Makufuli akainua bastola. "Pokea. Fungua spika."

"Mama," sauti ya Usukani ikajaa chumbani, "mbona pesa hazijaingia? Niliona imefaulu kwa macho yangu! Nilibadilisha anwani tu, kama ulivyonifundisha. Kuna kitu nimeacha kubonyeza?"

Kidole akafumba macho. Alimwibia, sasa anamwomba msaada wa ufundi.

"Uliniacha hapa na Mzee," akasema.

"Ningekufuata, nakuapia."

"Lini?"

Ilisikika honi ya lori tu. Kwa mwenye mpango, swali lile lilikuwa jepesi.

Kiyoyozi alikuwa akitikisa kichwa, machozi yanamtiririka. "Shemeji, ni kaka yangu," akanong'ona. "Nakuomba." Mdomo wa bastola ulikuwa kwenye sikio la Kidole, wa baridi.

"Ni suala la mnara wa simu," Kidole akasema, na sauti haikumtetemeka. "Uko wapi, nikuelekeze?"

"Kituo cha mafuta, barabara ya kutoka mjini. Fanya haraka."

"Baki hapohapo. Usikate simu."

Makufuli akachukua ufunguo wa pikipiki ya fundi matairi ukutani, akatoka. Kidole akabaki na simu mkononi, akimsikiliza mumewe akipumua upande wa pili, akingoja kuambiwa abonyeze wapi.