Kitako cha Bunduki ya Mbao

Kila mwaka safari ya likizo ilianzia jikoni kwa Bibi Verlene. Kabla jua halijachomoza alikuwa ameshakaanga kuku na kumpanga kwenye boksi la viatu, na mayai ya kuchemsha pembeni. Enzi za ujana wake, mtu mweusi akisafiri kwenda kusini mwa Marekani hakuuziwa chakula njiani. Enzi hizo zilikwisha, lakini Bibi hakuliacha boksi lake. Na kuhusu likizo alikuwa na neno moja tu: kwanza tuone walipomwaga damu watu wetu, bahari haihami.

Mwaka ule walikwenda Pembleton, Virginia. Clifton, mwanawe Bibi, ndiye aliyeendesha gari. Nyuma alikaa binti yake Renita, mwenye miaka kumi na miwili, pamoja na binamu yake Lamont, aliyemzidi mwaka mmoja na maneno mengi.

Walikula nje ya uwanja wa zamani wa vita vya kaskazini na kusini, vile vilivyomaliza utumwa. Kuku alipokwisha, Bibi aliutoa ule mfupa wa kidari wenye umbo la panda, akawapa watoto wauvute, mmoja huku na mwingine huku. Hiyo ilikuwa desturi yao, sasa mwaka wa tatu. Aliyebaki na kipande kirefu alivaa kofia ya buluu, ya askari wa kaskazini. Aliyeshindwa alivaa ya kijivu, ya jeshi la mabwana wenye watumwa. Na katika mchezo wao, kijivu lazima afe.

Mfupa ukakatika. Renita akabaki na kipande kifupi.

"Umeushika karibu na kichwa," alisema Renita. "Kila mwaka unafanya hivyo hivyo."

"Na kila mwaka unakufa hivyo hivyo," Lamont akamjibu huku akijivika kofia ya buluu. "Karibu kaburini, mheshimiwa kijivu."

Bibi aliwapeleka kwenye ukuta wa mawe uliopita katikati ya shamba. Akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Hapa risasi ziliwaishia," alisema. "Babu wa babu zenu, Amos, na mdogo wake Josiah walikuwa upande huu, wale wengine upande ule. Wakapigana kwa visu, kwa mawe, kwa meno. Amos alimwona mtu akikatwa koo kwa koleo. Matope yalikuwa mekundu mpaka viatu vikawa vinanata. Josiah alipigwa na kitako cha bunduki, hapa nyuma ya sikio. Akaanguka, akainuka. Jioni akanywa kahawa na kuwachekesha wenzake. Kisha akasema ana usingizi, akaegemea ukuta huu. Asubuhi Amos alimtikisa, akamkuta ameshakuwa baridi."

"Kwa hiyo hapa hatupigani," alisema Bibi. "Chezeni, lakini atakayemwinulia mwenzake mkono juu ya ardhi hii, hasafiri nami tena."

Mchana watu wazima waliovaa sare waliigiza vita vile. Mizinga ililipuka, moshi ukawafunika, watu wakaanguka wakipiga mayowe. Ilikuwa baruti tu isiyo na risasi, lakini Renita aliziba masikio kila mzinga ulipolia. Maigizo yalipokwisha, Bibi na Clifton walikwenda kusoma majina kwenye mnara. Watoto walibaki nyuma ya ukuta na bunduki za mbao walizonunuliwa dukani.

"Pa!" alisema Lamont. "Umekufa. Lala."

"Silali."

"Wewe ni kijivu bwana, kufa. Babu Amos anakungoja."

"Mfupa uliuiba. Sifi."

Lamont akamchoma tumboni kwa mtutu. Renita akamsukuma. Lamont akamvuta nywele, akamburuta hadi magoti yake yakachubuka kwenye mawe, huku akicheka na kusema, "Kufa, kufa, kufa." Renita akamuuma mkono hadi akahisi ladha ya damu. Lamont alipomwachia na kugeuka kuuangalia mkono wake, Renita aliishika bunduki kwa mikono miwili, akamtandika kwa kitako, nyuma ya sikio.

Sauti ya pigo haikuwa kubwa. Lamont alianguka kifudifudi juu ya ukuta, mdomo ukapasuka, damu ikamwagika kifuani.

Clifton alikuja mbio. "Nini tena?"

"Ameanguka," alisema Renita. "Alipanda juu ya ukuta."

Clifton akamgeukia Lamont, naye, kwa aibu ya kupigwa na msichana, akaitikia kwa kichwa. Bibi alimsafisha mdomo kwa maji, akaona jino lipo, akamshukuru Mungu. Hakuna aliyetazama nyuma ya sikio.

Garini Lamont alikuwa mchangamfu. Alimwigiza askari mmoja mnene aliyekufa mara mbili, hata Bibi akacheka. Kisha akasema kichwa kinamuuma. Akatapika kuku wote kwenye mfuko.

"Joto hilo," alisema Clifton.

"Nina usingizi, Mjomba," alisema Lamont.

"Mwache alale," alisema Bibi.

Renita alimtazama. Mate yalikuwa yakimtiririka. Alimtikisa bega, Lamont akafumbua jicho moja, akamwita kwa jina la mama yake mwenyewe, akalifumba. Amecheka, kisha ana usingizi, kama Josiah. Kusema ilikuwa kuzikosa safari zote za Bibi. Kunyamaza ilikuwa ule ukuta, asubuhi.

"Bibi," alisema. "Hakuanguka. Nilimpiga mimi. Kwa kitako. Pale alipopigwa Josiah."

Kisha Bibi akasema, taratibu kabisa, "Clifton. Geuza gari."

Hospitalini daktari alikuwa ameshauelekezea mdomo taa yake. Renita akapenya mbele, akaweka kidole nyuma ya sikio la Lamont. Daktari akapapasa, akaita wenzake kwa sauti kali, wakaondoka na kitanda wakikimbia. Damu ilikuwa ikivujia ndani ya fuvu. Wakamnyoa, wakalitoboa, wakaitoa.

"Mngefika asubuhi," daktari alimwambia Bibi baadaye, "nisingekuwa na la kufanya."

Bibi alimkalisha Renita karibu naye kwenye benchi.

"Mimi sitakuficha, mama. Ulichokifanya ukutani ni kibaya. Hasira ilikuzidi ukapiga. Lakini pigo lile lilikuwa moja tu, likaisha. Ule uongo wako ndio ulikaa garini ukiendelea kumpiga, maili baada ya maili, sisi tukicheka. Ulipousema ukweli ndipo mkono wako uliposhuka. Kosa ukilitenda, litaje upesi, mtu apate nafasi ya kulitibu."

"Nimezikosa safari?"

"Mwaka ujao utabaki nyumbani. Nilishasema. Mwaka wa pili utanisaidia kukaanga kuku."

Kesho yake waliruhusiwa kuingia wodini. Kichwa cha Lamont kilikuwa kimefungwa bandeji, mdomo umevimba. Renita alisimama miguuni pa kitanda, akashindwa kuinua macho.

"Nisamehe, Lamont."

"Mfupa niliuiba kweli," alisema Lamont polepole. "Miaka yote mitatu." Akafumba macho, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo uliokuwa mzima. "Lakini umeona? Hata mimi nimegoma kufa."