Kichanja Kilichofunikwa Asubuhi

Stoo ilikuwa tupu. Vitabu vyote vya sarufi ya Kiingereza vya kidato cha pili vilikuwa vimeondoka, na kitasa hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Aliyeingia alikuwa na ufunguo," alisema Inspekta Avelina Ndunguru.

"Ndiyo maana mlinzi yuko mahabusu Mbinga," alijibu Mwalimu Ida, mkuu wa shule hiyo ya Mkumbi. "Ufunguo hulala kwake. Na Jumatatu wadhibiti ubora wanakuja kukagua shule, nitawaonyesha nini?"

Avelina alikuwa ametoka kumhoji huyo mlinzi, Mzee Egidi. Mzee hakuomba chai wala wakili. Aliuliza mawili tu: amekosa nini; na kesho Jumapili mjukuu aliyemlea anapata Komunyo ya Kwanza, je, atakuwa ametoka? Swali hilo la pili lilimkaa Avelina rohoni njia nzima.

"Nani huazima ufunguo?"

"Wiki hii ni Cleopa tu. Anafundisha Kiingereza tangu mwenzake ahamishwe. Yeye mwenyewe ni wa historia, mtoto wa Mbamba Bay, ziwani Nyasa."

"Na mwizi angemuuzia nani vitabu hivi?"

Mwalimu Ida alimwelekeza nyumbani kwa Cleopa.

Cleopa alikuwa amepanga chumba nyuma ya shule. Jua lilikuwa limeshatoka vizuri, na kwenye kila ua Avelina aliopita, akina mama walikuwa wamefunua vichanja, kahawa ikipigwa jua. Kwa Cleopa, kichanja kilikuwa bado kimefunikwa turubai gubigubi. Avelina, aliyekulia kijijini Mbuji akigeuza kahawa kabla ya kwenda shule, alisimama pale pale.

"Shikamoo, afande," Cleopa alitoka mlangoni.

"Marahaba. Kahawa hii ni yako?"

"Ndiyo. Nimenunua kidogo. Kichanja kaniazima mama mwenye nyumba."

"Mbona hujaifunua?"

"Naogopa jua litaiunguza."

"Jua la asubuhi? Kwenu ziwani, dagaa wale wa usipa mnawakausha chini ya turubai?"

Cleopa alitazama chini. Kwamba Mkumbi hakuna anayegusa turubai la kahawa ya mwenzake, hilo alilijua. Kwamba asubuhi hufunuliwa, hakuna aliyemwambia.

"Funua, mdogo wangu."

Vitabu vilikuwa vimepangwa vizuri, vimetandikiwa gunia visipate umande.

"Hulazimiki kusema neno," Avelina alimwonya kama sheria inavyotaka. "Ukisema, nitaandika."

"Acha niseme. Nilifika kwenye kauli ya kutenda na ya kutendwa. Mimi mwenyewe siielewi, afande. Nilijua tu maneno yanabadilishana nafasi, basi nikayabadilisha. Paka alimla panya; nikageuza, panya alimla paka. Wakanakili. Mwanafunzi mmoja, Eunice, akanyoosha mkono: 'Mwalimu, kwenye kitabu panya ameliwa na paka. Wako amemla paka.' Darasa zima likacheka. Nilicheka nao, kisha nikaja hapa nikalia."

"Ungemwambia mkuu wa shule."

"Kwamba mwalimu wa Kiingereza hajui Kiingereza? Nilitaka vipotee mpaka wakaguzi wapite. Ningevirudisha."

"Na Mzee Egidi?"

"Nilisikia amekamatwa. Kila nikitaka kwenda kusema, nafika mlangoni narudi."

Avelina alimhurumia kweli. Pingu aliziacha mkobani, akapiga simu kituoni Mzee Egidi aachiwe, akamfungulia Cleopa mlango wa gari.

Kituoni, Mzee Egidi alikuwa kaunta akirudishiwa mkanda wake.

"Shikamoo, mzee," alisema Cleopa. "Ni mimi niliyeiba vile vitabu."

"Marahaba." Mzee alimtazama. "Kwa nini, mwanangu?"

"Kuna somo sikulielewa. Nikaona aibu kuuliza."

Mzee Egidi alifunga mkanda taratibu. "Mimi nimelala sakafuni nikijiuliza nimekosa nini. Na mimi sikuelewa. Lakini niliuliza. Kila aliyepita mlangoni nilimuuliza."

Cleopa alianza kulia. Mzee akamshika bega, akalishikilia mpaka askari alipofungua mlango wa mahabusu. Kisha akatoka kuwahi gari la Mkumbi, maana Komunyo ya mjukuu ilikuwa kesho yake asubuhi.