Hodi Kwenye Buti

Makonda wanapakia mbuzi, magodoro, hata friji, lakini baiskeli ya rafiki yangu Masoud wanaikataa! Gari hana, na njia nzuri za kuendesha baiskeli ya milimani ziko huko kwenye vilima vya Lugoba. Alfajiri ile pale stendi ya Bagamoyo mabasi yalimwacha moja baada ya jingine, mpaka konda mmoja akafoka, "Fungua tairi la mbele, baiskeli yenyewe ilale kwenye buti!"

Masoud akapanda amelipakata tairi lake, hasira zimemjaa. Nje bado giza. Mara akasikia chini ya miguu yake, ndani ya buti, mtu anagonga.

"Hodi," ikasema sauti ya mtu aliyechoka kusubiri.

Masoud kalelewa na bibi yake, na kwa bibi yake hodi haiachwi bila jibu. Neno likamponyoka. "Karibu."

Hapo mnyororo wa baiskeli ukaanza kulia, tiki-tiki-tiki, mpaka Lugoba.

Konda alipofungua buti hapakuwa na mtu. Baiskeli ilikuwa imelala vilevile, na kamba zake. Masoud akaishika siti ili aivute nje. Siti ilikuwa ya moto, kama mtu ndiyo kwanza kashuka.