Muuzaji na Aonje Kwanza

Hapana, Efrazia, usinibebeshe maneno. Mi sikusema kompyuta ni mbaya. Nilisema yule Yakobo ni mbaya, na kisanduku chake chenye mataa ni kibaya zaidi. Kompyuta yenyewe ilinikosea nini? Sasa unauliza kwa nini dada yako Vumilia hanunui hata tochi mpaka muuzaji aiwashe, aizime, aiwashe tena, watu dukani wakicheka. Waache wacheke. Kaa hapa nikuambie, maana wakati ule we ulikuwa bado unabebwa mgongoni.

Tulikuwa tumeshatoka Mutaho, tumehamia hapa Gitega kwa mama yako. Vumilia alikuwa na miaka kumi na mitatu. Asubuhi alichota maji, akafagia ua, akaenda shule. Jioni alikaa karibu na mama yenu mbele ya kompyuta. Kazi ya mama yenu Anisia unaijua: anapiga video za harusi, halafu anazikata na kuziunga mpaka ziwe filamu. Vumilia alikuwa ameshajifunza kazi ile kwa kutazama tu. Mikono yake ilikwenda mbio kama ya mtu anayechambua maharage.

Bon, tuendelee. Anisia alikuwa amepiga harusi ya Zuena, binti wa Mzee Amissi, yule fundi cherehani wa Muyinga. Siku ile Mzee Amissi alisimama akamuaga binti yake kwa maneno, watu wakalia na kucheka kwa pamoja. Mi nilikuwepo. Mwezi uliofuata ugonjwa ukampiga upande mmoja wa mwili, ulimi nao ukafungwa. Tangu hapo hakusema tena hata neno moja. Na kadi ya kamera Anisia alikuwa ameshaifuta ili apige harusi nyingine. Kwa hiyo sauti ya mzee yule ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya kompyuta ya mama yako.

Zuena na mume wake walikuwa wanakuja kumtembelea mgonjwa siku ya Jumapili. Mke wa Mzee Amissi, Mama Fatuma, akapiga simu: "Anisia mwanangu, tuletee ile filamu. Labda akijisikia mwenyewe atapata nguvu. Siku hizi hata kula na watu hataki. Anaona haya, mkono unamwaga."

Alo, kompyuta ilikuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Anisia akainunulia kadi mpya ya picha ili iende haraka. Lakini kadi ile inakula umeme mwingi. Sikiliza vizuri: kila kompyuta ina kisanduku cha chuma nyuma, kinapokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Mafundi wanakiita alimantasyo. Mi nakiita tumbo. Tumbo likichafuka, mwili wote unaumwa. Tumbo la kompyuta yetu lilikuwa dogo kwa chakula kile kipya, ikabidi kutafuta jingine. Anisia alikuwa na harusi Mutoyi, akamtuma Vumilia sokoni.

Mi nikamwita kabla hajatoka. "Mjukuu wangu, mwambie muuzaji aonje kwanza."

"Babu, hiyo si pombe."

"Najua si pombe. We sikiliza."

Nikamkumbusha mambo ya Mutaho. Sisi tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, shamba letu alikuwa analilima jirani, Fabiano. Watu wakasema hapo damu itamwagika. Siku ya pili Fabiano akaja na mtungi wa pombe ya ndizi. Nani anywe? Kuna watu walikuwa wanaogopana miaka yote ile. Fabiano alichukua mrija, akavuta yeye mwenyewe kwanza, akameza, ndipo akanipa. Kirundi tunaita gusogongera. Anayekupa kinywaji anakionja kwanza, ili kama kina ubaya, uanze na yeye. Siku ile ndipo nilijua nimerudi kwetu, na mpaka wa shamba tukaupanga wawili, bila kelele.

"Basi," nikamwambia Vumilia, "muuzaji naye aonje. Kisanduku akiunge kwenye kompyuta yake mwenyewe, akitwishe mzigo mzito mbele yako, we ukae utazame. Akikataa, weka chini, rudi nyumbani."

"Ndiyo, Babu."

Sasa huyo Yakobo, muuzaji wa sokoni. Mana yanje, Mungu wangu! Miwani myeusi ndani ya kibanda chenye giza. Shati limefunguliwa vifungo mpaka tumboni, kama mtu anayeanika kifua. Alijiita Injinia, na mimi basi niitwe Askofu. Hakuwa hata na bisibisi yake mwenyewe, aliazima kwa fundi wa baiskeli.

Vumilia alinisimulia baadaye yote yaliyotokea. Yakobo akachomeka kisanduku ukutani, mataa yakawaka: mekundu, ya buluu, ya kijani. Kibanda kikawa kama baa siku ya Noeli.

"Ona, sha! Wati elfu moja! Imeandikwa hapa. Hiki kinaendesha kompyuta, friji na mashine ya kinyozi wa jirani."

Pembeni kulikuwa na kingine, cha kijivu, kimekwaruzika, hakina taa hata moja. Vumilia akauliza, "Na kile?"

"Kile? Cha wazee. Kimetoka maofisini. We msichana wa kisasa unataka kubeba jembe la babu?"

Vijana waliokaa pale wakacheka. Vumilia akajikaza akasema, "Babu yangu amesema uonje kwanza. Ukiunge kwenye kompyuta, kifanye kazi nzito, nione."

Yakobo akavua miwani, akatoa ulimi, akajifanya anakilamba kile kisanduku. "Haya, nimeonja! Kinahitaji chumvi!"

Vijana wakaanguka kwa kicheko. "Babu yako anatoka kilima gani?" mmoja akauliza. "Mwambie umeme haunywewi kwa mrija!"

Dada yako akasikia uso unawaka moto. Akalipa, akachukua kile cha mataa, akaondoka karibu anakimbia.

Nikamuuliza mlangoni, "Ameonja?"

"Ndiyo, Babu. Amekiunga kwenye kompyuta kubwa. Kimefanya kazi. Nimeona kwa macho yangu."

Aliniangalia puani wakati anasema hivyo, si machoni. Lakini mi nilikuwa nataka kuamini.

Anisia akakifunga. Kwanza kilienda. Sebule yetu ikamulikwa rangi tatu, majirani wakaja kutazama, na Vumilia akajiona mkubwa. Ijumaa mchana Anisia akaiambia kompyuta iunge filamu nzima, ile kazi nzito yenyewe. Kadi mpya ikaomba chakula. Tumbo la Yakobo likatoa sauti, *tap!* Likafuata moshi na harufu ya plastiki. Mataa yakazimika yote. Anisia akarudisha kisanduku cha zamani, akaitoa ile kadi mpya, akajaribu. Kompyuta ikaamka, lakini diski yenye harusi ya Zuena ilinyamaza kama jiwe.

Anisia hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alikaa chini akashika kichwa. "Nitamwambia nini Mama Fatuma? Nimepoteza sauti ya mume wake. Nitamwambia nini?"

Vumilia alikuwa amesimama karibu na mlango. Akaanza kulia. "Mama, ni mimi. Hakuonja. Walinicheka, mi nikaona haya. Babu nilimdanganya."

Nilimtazama. Unafikiri nilikasirika? Nilikasirika, ndiyo. Lakini nilimwambia hivi tu: "Umeogopa kicheko cha watu ambao hata jina lako hawalijui. Sasa utakwenda kusema haya maneno mbele ya watu wanaokujua."

Jumamosi asubuhi tukapanda gari kupitia Karuzi mpaka Muyinga, sisi watatu na kompyuta imefungwa kwenye kitenge. Pale mjini kuna Mwajuma, mtoto wa dada yake Mzee Amissi, anatengeneza redio na kompyuta. Baba yake alikuwa fundi, naye ni fundi. Na mdomo wake, e! Unakata kuliko panga.

"Nani ameleta takataka hii ndani ya duka langu?" Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yake.

"Mimi, shangazi," Vumilia akasema. Akaeleza yote, kicheko, uongo, moshi, bila kuruka kitu.

Mwajuma alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua kisanduku cha Yakobo kwa bisibisi, akatazama ndani, akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko cha furaha.

"Mzee Kasiano, njoo uone wati elfu moja."

Nikachungulia. Ndani kulikuwa na nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea, vipande vichache vya kuhurumia, na katikati tonge la simenti limegandishwa kwa gundi. Simenti, Efrazia! Wameiweka ili ukikipima mkononi kiwe kizito kama kizuri.

"Hiki si kisanduku cha umeme," Mwajuma akasema. "Hiki ni kiberiti na tofali. Namba ya juu ni maneno matupu. Hata mimi naweza kujiandika kifuani kwamba nina miaka ishirini. Na haya mataa, yanasaidia nini? Kompyuta inataka kuona njia usiku?"

"Na diski, dada?" Anisia akauliza.

Mwajuma akafungua ile diski chini yake, akavaa kioo chake cha kukuzia, cha jicho moja. Mwisho akanyanyua kwa koleo kitu kidogo kama punje ya ulezi, kimeungua cheusi.

"Huyu alikuwa mlinzi," akasema. "Umeme mbaya umekuja, yeye amekufa mlangoni. Tuone kama amewaokoa wa ndani."

Akaiunga ile diski kwenye mashine yake mwenyewe. Tukangoja. Diski ikaguna, ikazunguka. Na Mzee Amissi akatokea kwenye kioo na kofia yake nyeupe, mdomo wazi, anaanza kumuaga binti yake. Anisia akaanguka shingoni mwa Mwajuma. Mwajuma akamsukuma: "Niache kwanza ninakili! Diski isiyo na mlinzi haiaminiki. Na we Anisia, kitu kama hiki unakiweka mahali pamoja? Mayai yako unayabeba kwenye kiganja?" Akanakili yote kwenye diski mbili, nzima.

Kisha akashusha kutoka rafuni kisanduku cha kijivu, kimekwaruzika, ndugu kabisa wa kile kilichochekwa na Yakobo. "Kimefanya kazi ofisini miaka, hakijachoma mtu. Namba yake ni ndogo lakini ni ya kweli, na kwa kadi yenu inabakiza nafasi. Tazama unene wa nyaya. Chukueni."

Anisia akanyoosha mkono. Vumilia akamzuia.

"Samahani, shangazi," akasema, uso unawaka tena kama kule sokoni. "Onja kwanza."

Nilifikiri Mwajuma atamrarua. Alimtazama dada yako kutoka juu mpaka chini. Halafu akavuta kompyuta yetu, akafunga kile kisanduku pamoja na kadi mpya, akaiamuru iunge filamu nzima ya Zuena. Tukaagiza chai ya tangawizi. Tukanywa, tukaagiza nyingine. Mwajuma alikuwa anaweka kiganja juu ya kisanduku kama mama anayepima homa ya mtoto. Hakikuwaka, hakikunuka, hakikulia. Filamu ikaisha.

"Kwangu mimi hajawahi kuniomba hivyo mtu yeyote," Mwajuma akasema. "Wengine wote ni wajinga. Mpaka leo ulikuwa mmoja wao."

Jumapili mchana tulikuwa uani kwa Mzee Amissi. Zuena alikuwa amefika na mume wake, mikeka imetandikwa, sinia za wali na nyama zimefunikwa. Lakini hakuna aliyekaa. Mzee alikuwa kwenye kiti chake kando, amegeukia ukuta, mkono mgonjwa ameuficha chini ya kanzu. Mwenye nyumba hajaonja, mgeni atakaaje?

Anisia akawasha filamu. Sauti ya mzee ikajaa uani: "Zuena, mwanangu, nguo niliyokushonea leo nimeacha upindo mkubwa ndani, kwa sababu najua mume wako anapika vizuri!" Watu wakaangua kicheko kama siku ile. Mzee Amissi akageuka polepole. Akajitazama kwenye kioo mpaka mwisho, machozi yakiingia kwenye ndevu, na bega lake zima likitikisika. Alikuwa anacheka.

Vumilia akaenda akapiga magoti mbele yake. "Babu Amissi, karibu niipoteze sauti yako. Niliogopa kuchekwa, nikasema uongo. Nisamehe."

Mzee akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha mtoto.

Mi nikamwambia pale pale, mbele ya wote, na wewe leo nakuambia vilevile: mtu wa kweli hakasiriki ukimwambia aonje kwanza. Anayekasirika, na anayekucheka, wote wana simenti ndani. Na we usiwe kama wao, usiseme umeona kitu ambacho hukuona. Lile tonge nililibeba, ndilo linalozuia mlango wetu wa jikoni. Angalau sasa linafanya kazi.

Mama Fatuma akafunua sinia. Mzee Amissi akautoa mkono wake mgonjwa chini ya kanzu, ule ule aliokuwa anauficha. Akachota wali. Nusu ikamwagika kwenye mkeka, hakuna aliyecheka. Akaupeleka mdomoni, akatafuna, akameza. Halafu akatuonyesha mikeka kwa kidevu, na sisi wote tukakaa tukala.