Barafu Inaweza Kusubiri

Nyumba yao ilikuwa na milango miwili ya biashara. Mlango wa kushoto ulikuwa wa baridi. Wa kulia ulikuwa wa joto.

Kushoto, mke aligandisha barafu na kuhifadhi samaki wa wachuuzi wa sokoni. Alikuwa na chumba cha baridi chenye kuta nene na mlango mzito. Mtaa mzima ulimwita Mama Barafu. Kulia, mumewe alitotolesha vifaranga kwa mashine. Mashine ile ilikuwa kama kabati kubwa, yenye trei za mayai na feni ndogo. Yeye walimwita Baba Vifaranga, wala hakukasirika.

"Mtaa huu hakuna mwenye watoto wengi kunishinda," alikuwa akisema.

Kila asubuhi alinawa mikono, akasoma kipimajoto, akaongeza maji kwenye sinia la chini. Joto la mashine lilitakiwa kuwa nyuzi thelathini na saba na nusu. Likishuka kwa muda mrefu, vifaranga hufia ndani ya maganda.

Mama yake mzazi, ambaye wote walimwita Bibi, alipenda kuketi barazani, katikati ya milango miwili, akichambua mboga.

"Mkwe wangu anagandisha, mwanangu anapasha," alisema. "Mimi hapa katikati sijui nivae sweta au nijipepee."

Asubuhi moja mayai yalikuwa yamekaribia kutotolewa. Baba Vifaranga alitega sikio kwenye trei, kisha akaita kwa furaha.

"Njooni msikie! Wanalia humo ndani!"

Hata hawajafika, feni ikasimama. Taa ya mashine ikazimika. Upande wa pili, kompresa ya chumba cha baridi ilitoa mlio wa mwisho, ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika.

"Utarudi sasa hivi," Mama Barafu alisema.

Haukurudi. Walifunika mashine kwa mablanketi. Bibi alichemsha maji kwenye jiko la mkaa, wakayatia kwenye chupa na kuzipanga kati ya trei. Chupa zilipoa, wakachemsha mengine. Jasho liliwatoka wote, lakini kipimajoto kiliendelea kushuka. Umeme uliporudi jioni, sauti zile ndani ya mayai hazikusikika tena. Vifaranga wachache tu walitoka. Wengine Baba Vifaranga aliwabeba kwenye ndoo, akaenda kuwafukia nyuma ya nyumba. Hakutaka mtu amsindikize.

"Na samaki wako?" Bibi alimuuliza mkwewe.

"Wazima wote," Mama Barafu alijibu kwa sauti ndogo, kana kwamba alikuwa amefanya kosa. "Barafu haijayeyuka hata kidogo."

Kesho yake alipita jirani yao, mhandisi wa kituo kinachoongoza umeme wa nchi nzima. Watoto wa mtaa walimbatiza Bi Swichi, na jina likamganda. Siku nyingine angepunga mkono na kwenda zake. Siku hiyo Bibi alimkamata.

"Wewe Bi Swichi! Hebu njoo hapa. Nani alizima swichi jana?"

Bi Swichi aliona ndoo tupu na uso wa Baba Vifaranga. Akavua viatu, akaketi barazani.

"Poleni sana," alisema. "Kaka, niliposikia habari ya vifaranga, niliumia. Acha niwaeleze ukweli. Mtaa huu tuliukata sisi."

"Mlitukata makusudi?" Baba Vifaranga aliuliza.

"Kompyuta yetu iliukata, na sisi ndio tuliipangia hivyo. Sikiliza. Nyaya zetu zimeungana na za nchi jirani. Mitambo yote ya kufua umeme, yetu na yao, inakwenda kwa mwendo mmoja. Umeme wake unapiga mara hamsini kila sekunde, kama moyo. Sisi tunayaita masafa. Kazi yangu kubwa ni kuhakikisha mapigo hayo hayashuki wala hayapandi."

"Yakishuka?" Mama Barafu aliuliza.

"Umeshaona watu wanasukuma lori? Mmoja akiteleza akaanguka, lori hupunguza mwendo. Waliobaki lazima waongeze nguvu papo hapo, la sivyo linasimama. Jana mtambo mkubwa uliharibika ghafla huko ng'ambo ya mpaka. Mingine ilichelewa kuongeza nguvu. Mapigo yakashuka. Yakishuka mno, mitambo hujizima ili isivunjike, mmoja baada ya mwingine, na nchi zote zilizoungana hubaki gizani. Kwa hiyo kompyuta ilipunguza mzigo. Ilikata mitaa kadhaa, na wa kwetu ukiwamo, ili hospitali kuu na wengine wengi wabaki na umeme."

Baba Vifaranga aliitazama ile ndoo tupu. Alikuwa bado ana uchungu, lakini alikuwa anaelewa.

"Sasa ndiyo basi?" aliuliza. "Kila mtambo wa watu ukianguka, mayai yangu yaoze?"

"Hapana, kaka. Tunarekebisha mitambo ijibu haraka zaidi, na wenzetu wa nchi jirani wanarekebisha ya kwao. Tumekubaliana kila nchi ibebe sehemu yake, asiwepo wa kutegea. Tumefunga na mabetri makubwa, yale yanajibu kufumba na kufumbua. Ila tunahitaji kitu kimoja zaidi. Tunatafuta mashine zinazoweza kusubiri. Zikizimwa dakika chache, mwenyewe hapati hasara. Tukizipata nyingi, hatutalazimika kukata mtaa mzima, mayai na barafu kwa pamoja."

Bibi aligeuza shingo polepole, akatazama mlango wa kushoto. Mwanawe naye akatazama huko huko.

"Msiniangalie mimi!" Mama Barafu alisema. "Samaki si wangu, wameniamini watu. Juzi walipona, lakini siku wakioza nitaweka wapi uso wangu?"

"Usikubali kwa maneno yangu, dada," Bi Swichi alisema. "Pima mwenyewe."

Basi walipima. Siku ya mapumziko, Mama Barafu alisoma kipimajoto cha chumba cha baridi, akafunga mlango na kuzima kompresa kwa mkono wake. Kisha akaweka kigoda mbele ya mlango, akakikalia kama askari wa zamu. Bibi alimuuliza mara kwa mara kama samaki hawajaanza kunuka. Baada ya robo saa alisoma tena. Kipimajoto kilikuwa kimesogea kidogo sana. Aliingia, akagonga samaki mmoja kwa kidole.

"Jiwe," alisema. Akacheka. "Kumbe hawa wana subira kuliko mimi."

Wiki iliyofuata fundi wa shirika la umeme alikuja na kisanduku kidogo cha kijivu. Akakifunga ukutani karibu na kompresa.

"Hiki kinasikiliza mapigo ya umeme," alieleza. "Yakishuka kupita kiasi, kinazima kompresa tu. Mashine ya mayai hakiigusi. Mapigo yakitulia, kinawasha tena."

"Nani anabonyeza?" Mama Barafu aliuliza.

"Hakuna, mama. Mkono wa mtu ni mzito kwa kazi hii. Mpaka umalize kunyanyua kidole, mitambo imeshajizima."

"Kikisahau kuwasha, je?"

"Unawasha mwenyewe kwa swichi hii ya chini. Na chumba kikianza kupata joto, kisanduku hakizimi hata mapigo yakishuka. Wewe kumbuka jambo moja. Kompresa ikinyamaza, usifungue mlango. Baridi ibaki ndani."

"Na kisanduku kimoja kitaokoaje umeme wa nchi nzima, mwanangu?" Mama Barafu aliuliza.

"Kimoja, kidogo. Lakini jana tumefunga kwenye pampu za maji. Kesho tunakwenda kwenye vinu vya unga. Vyote vikiachia pamoja, ni mzigo mkubwa unaoshuka. Na havitawaka vyote kwa mkupuo. Kila kimoja kitasubiri zamu yake, tusije tukaulemea umeme upya."

Miezi ikapita. Baba Vifaranga alijaza trei tena. Mara hii alikuwa mwoga, akaamka na kulala na kipimajoto.

Alasiri moja Mama Barafu alikuwa akimhudumia mchuuzi wa samaki. Ghafla kompresa ikanyamaza.

"Haya, umekatika!" mchuuzi alisema. "Nifungulie nitoe samaki wangu."

"Mlango haufunguliwi!" Mama Barafu alijibu, huku anakimbia kuelekea upande wa kulia.

Alimkuta mumewe amesimama mbele ya mashine, kiganja kimeegemea kioo. Ndani, taa ilikuwa inawaka na feni inazunguka.

"Inazunguka," alisema mumewe.

"Naiona."

Walisimama hapo pamoja. Baadaye kidogo upande wa pili wa ukuta kukasikika mguno, kisha mngurumo. Kompresa ilikuwa imewaka. Mchuuzi alipofunguliwa, samaki wake walikuwa wakavu na wagumu, akaondoka akisema mwanamke yule ana vituko.

Jioni Bi Swichi alirudi kutoka kazini. Mama Barafu alimngojea njiani.

"Leo chumba changu kilinyamaza. Kulikuwa na nini?"

"Mtambo umeanguka ng'ambo, dada. Mkubwa kuliko ule wa kwanza." Macho yalikuwa yamechoka, lakini alikuwa anatabasamu. "Mapigo yakaanza kushuka. Mabetri yakajibu. Mashine kama yako zikakaa kando. Mitambo ya kwetu na ya majirani ikaongeza nguvu, yote. Tukayaona mapigo yanapanda, yanapanda, mpaka yakakaa sawa."

"Imezimwa mitaa mingapi?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kituo kizima tulipiga makofi."

Mama Barafu alimshika mikono yote miwili. Tangu siku hiyo, kila mwenye jokofu kubwa au kinu aliyefika dukani kwake alipewa somo zima la mapigo ya umeme, apende asipende.

Mayai yalipotoboka, Baba Vifaranga alikwenda kumwita Bi Swichi kabla ya mtu mwingine yeyote. Trei zilikuwa zimejaa kelele na manyoya ya njano. Alichagua kifaranga mmoja, akamweka kwenye kiganja cha mhandisi.

"Huyu hana habari kama siku ile kulitokea jambo lolote," alisema.

Bi Swichi alimtazama yule mdogo akijikung'uta na kudonoa kidole chake.

"Ndivyo tunavyotaka iwe," alijibu.