Golikipa wa Nyangwe Aliyetoweka kwenye Barafu

Jumamosi saa nane mchana, ukumbi ukiwa umejaa, ilijulikana kwamba Aristote hayupo. Abdallah, mwenye duka na mwenye mashine, aliandika jina hilo kwa vidole viwili, akabonyeza, akangoja. Kioo kikajibu kwa Kifaransa kwamba hakuna mchezaji wa jina hilo. Akaandika tena polepole, herufi moja moja. Jibu lilikuwa lile lile.

"Wamemuua!" akapiga kelele Magloire, kijana wa pikipiki, msimamizi wa timu ya Nyangwe. "Wameua Aristote siku ya kura!"

Jamani, fujo iliyofuata ilisikika mpaka sokoni. Nyuma ya meza ya duka mtoto mchanga alishtuka usingizini akaanza kulia, na mama yake, Elsa, akamtoa nje barazani. Abdallah akaizima mashine, akaifunika kwa kitambaa chake.

"Hakuna mutu anagusa tena," akasema. "Ata mimi."

Msiogope, hakuna damu. Aristote huyu ni mchezaji wa ndani ya kompyuta. Watu wa mradi fulani walipoondoka Kasongo walituachia mashine ile, na ndani yake mchezo mmoja tu, hoki ya kwenye barafu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga barafu. Tunayoijua ni ile ya kupoza vinywaji harusini. Lakini watu wa hapa hawakosi la kubishania. Kila mmoja alichukua timu, akaipa jina la mahali petu, akawapa wachezaji majina aliyoyataka. Mashine inacheza yenyewe, na sisi kazi yetu ni kupiga makelele. Msimu ukiisha tunachagua mchezaji bora, kwanza kwa mabishano, kisha kwa mikono, na redio ya mji inamtangaza papo hapo.

Ila jina la Aristote halikuwa la kubuni. Aristote mwenyewe, mtoto wa kwanza wa Mama Louise, alifukiwa na shimo la dhahabu kule Salamabila mwaka juzi, na mwili wake haukupatikana. Magloire, ambaye alifundishwa naye kuendesha pikipiki, ndiye aliyempa kipa wa Nyangwe jina hilo. Tangu siku ile Mama Louise hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuja na kitenge chake kizuri, akaketi benchi la mbele, na kipa akizuia, alicheka. Sasa alikuwa amekaa palepale, mikono mapajani.

"Sina kaburi ya mutoto yangu," akasema. "Nilitaka tu jina yake isikilike kwa redio, mara moja. Nani amenikatalia ile?"

Mtangazaji wa redio, aliyekuja na simu yake tayari, alisema kwa aibu kwamba nafasi yake hewani inaisha saa kumi, na hataipata nyingine mpaka mwakani.

Ndipo watu wakamgeukia Marcellin. Huyu ni OPJ, mpelelezi wa serikali huko Kabambare, na kwenye ligi anasimamia timu ya Kabambare, ambayo ni ya mwisho. Si kosa lake lote. Kipa wake wa pekee alivunjika mguu katikati ya msimu, mashine ikampigia mstari mwekundu juu ya kioo, ikakataa kuendelea na lolote mpaka alipoweka kipa mwingine, na huyo mwingine hata kiti kingemshinda kuzuia. Kwa hiyo Marcellin hakuwa na mgombea, na mtu asiye na mgombea ndiye wa kuaminiwa. Alikuwa amefika jana yake jioni, nyuma ya pikipiki ya Magloire, tope mpaka masikioni.

Alivuta kiti, akaanza na Abdallah.

"Mze, mara ya mwisho mulimuona Aristote siku gani?"

"Alhamisi jioni, mechi ya mwisho, sisi wote. Alizuia mechi nzima. Kisha batri ikaisha, mashini ikazimika."

"Na Ijumaa?"

"Asubuhi mvua, shefu. Paneli bila jua ni bati tu. Jua ilitoka saa sita. Leo tangu asubuhi niko hapa mwenyewe, hakuna mutu alisogea."

"Basi ni Ijumaa mchana. Ulikuwa wapi?"

Abdallah akamtazama kama aliyetukanwa. "Ijumaa, saa saba! Mwislamu anakuwaka wapi? Uliza musikiti mzima, nilikuwa safu ya kwanza."

"Na duka?"

"Ilikuwa na watu ya nyumba. Mugeni haingiake nyuma ya meza yangu."

Marcellin akaliacha jibu hilo lipite, na baadaye alijilaumu sana. Wakati ule macho yake yalikuwa kwa Jean-Pierre, mwalimu, msimamizi wa timu ya Salamabila, maana vidole vyote ukumbini vilikuwa vinamwonyesha yeye.

"Mwalimu, wanasema Alhamisi uliapa Aristote hatachaguliwa."

"Niliapa, na naapa tena," akasema Jean-Pierre. "Golikipa hawezi kuwa muchezaji bora. Nathanaël yangu alifunga kuliko timu yako nzima, shefu, tusifichane. Golikipa anasimama tu, palet inamukuta pale pale." Palet ni kile kidude cheusi wanachokipiga kwa fimbo.

"Anasimama tu?" Magloire akaruka. "Alhamisi nani alimuzuia Bibi Subira?"

"Bibi Subira hakuzuiwa, alionewa," akasema Abdallah. Huyo ni mshambuliaji wa timu ya Kasongo. Abdallah alimpa jina la nyanya yake, na hakuna anayethubutu kucheka.

"Kufunga kila mutu anafunga," akaendelea Magloire. "Nathanaël akikosa, anapiga tena. Aristote akikosa, ni goli. Ni nani anabeba timu pale?"

"Kombe inaletwa na magoli!"

"Wapi! Magoli ya kufunga timu ya shefu?"

Watu wakacheka, na Marcellin naye akacheka kidogo, kwa kuwa kweli haina mjadala. Kisha akarudi kwa mwalimu.

"Wanasema Ijumaa mchana ulionekana mulangoni hapa. Ulitafuta nini?"

Kicheko kikakatika. Jean-Pierre akatoa simu yake mfukoni. "Nilileta simu kwa chaji. Mulango ilikuwa nusu wazi. Nikabisha, nikaita, hakuna mutu alijibu. Nikaenda zangu."

"Hukusikia kitu?"

"Nilisikia. Ile honi ya muchezo, inayoliaka mutu akiifungua. Nikafikiri Mze Abdallah iko ndani hataki kusumbuliwa."

"Mwongo!" mtu akapaza sauti. "Ni yeye mwenyewe aliingia!" Vijana wawili wa Nyangwe walikuwa wameshasimama. Marcellin akawaonyesha benchi, wakakaa.

Marcellin alitazama kitambaa kilichofunika mashine. Mwalimu angekuwa mwizi, angesema hakusikia lolote. Mwenye hatia hajitangazii kwamba alikuwa mlangoni saa ileile mashine ilipokuwa inalia. Lakini kuna jambo jingine lililomkera, nalo lilitoka kwenye aibu yake mwenyewe.

"Mze Abdallah, leo ulipofungua muchezo, uliona mustari mwekundu?"

"Mustari gani?"

"Ile mashini ilinipigia mimi, golikipa yangu alipovunjika."

Abdallah akafikiri. "Hapana. Ilifunguka muzuri tu."

"Magloire, Nyangwe iko na golikipa ngapi?"

"Moja. Aristote peke yake."

"Basi sikilizeni. Kama mutu angemutoa Aristote, Nyangwe ingebaki bila golikipa, na mashini ingepiga mustari. Haikupiga. Golikipa iko. Washa, Mze."

Hapa niseme kweli, hata kama inatuuma. Sisi ni watu wa majina. Jina likikosekana, tunaanza kilio, hatuchungulii chumbani kuona kama mtu amelala. Watu wote wale, na mwalimu wa hesabu kati yao, hakuna aliyewaza kufungua ukurasa wa Nyangwe.

Mashine ikapiga honi yake. Abdallah akashuka majina ya Nyangwe moja moja, na kule chini, mahali pa kipa, palikuwa na mtu. Namba ya jezi ni ileile, na kazi yake yote ya kuzuia msimu ule imebaki vilevile. Jina tu ndilo lililobadilika. Liliandikwa Yaya.

Mama Louise akainuka nusu kutoka benchini, akarudi kukaa.

Kwetu yaya ni ndugu yako mkubwa, wa kiume au wa kike. Mdogo hamwiti mkubwa wake kwa jina, ni kumkosea heshima. Marcellin akawageukia watu.

"Aliyefanya hii hakumuchukia Aristote," akasema. "Mutu ya chuki angemufuta, au angemuharibia kazi yake. Huyu alimuacha na kila kitu. Sasa niambieni. Aristote alipokuwa hai, nani alimuitaka yaya?"

Magloire akainua mkono. "Mimi, shefu. Alinifundisha kazi. Lakini si mimi, naapa!"

"Najua si wewe. Ijumaa saa saba tulikuwa wapi?"

"Kwa tope, njia ya Kabambare. Tulikuwa tunasukuma pikipiki."

"Mimi ndiye nilisukuma. Wewe ulikuwa juu, unatoa moshi." Watu wakacheka tena, kwa ahueni. "Nani mwingine?"

Marcellin akamgeukia Abdallah, na sasa akalirudia lile jibu aliloliacha lipite. "Mze, ulisema duka ilikuwa na watu ya nyumba. Nani?"

"Ah, shefu. Elsa tu, na mutoto yake. Anakaaka hapa nikienda kusali. Elsa si mutu ya kuhesabu, ni mutoto ya nyumba."

Mama Louise ndiye aliyegeuka wa kwanza kuutazama mlango. Elsa alikuwa amesimama pale na mtoto kifuani, na ukimtazama vizuri unaona pua ya mama yake. Ni binti wa Mama Louise, aliyezaliwa nyuma ya Aristote.

"Ni mimi," akasema. "Mwalimu alipoita, nilinyamaza. Musimupige mwalimu."

"Elsa," akasema mama yake.

"Sikumuua, mama. Nilimubadilisha jina tu. Nilifikiri watu wataona Yaya, watajua. Sikujua watatafuta jina tu, wakikosa waanze vita. Nikaona sura yako, nikaogopa kusema."

"Juu ya nini, mutoto yangu?" Marcellin akauliza, kwa sauti ya baba, si ya OPJ.

"Shefu, uliza huyu anaitwa nani." Akamwonyesha mtoto.

Watu wakatazamana. Wote walimjua mtoto yule, lakini jina lake hawakulijua. Bibi yake, Mama Louise, kila siku alimwita "mume wangu", kwa utani wa bibi na mjukuu, na majirani wakamfuata.

"Anaitwa Aristote," akasema Mama Louise polepole. "Mimi ndiye nilimupa."

"Ulimupa, na kwetu jina ya marehemu ikipewa mutoto, imerudi nyumbani. Iko yake." Elsa sasa alikuwa analia waziwazi. "Kila Jumamosi niko nyuma ya ile meza, yeye analala pembeni yangu, na ninyi munapiga kelele. Muvunjeni Aristote! Muangusheni Aristote! Aristote akufe leo! Mwalimu, ile ya kufa ni yako, unaipendaka sana. Mutoto anashtuka. Na kila Jumapili iko na homa. Labda ni mbu. Sijue. Lakini nimekwisha kupoteza Aristote moja, wa pili sitaki."

Jean-Pierre akaangalia viatu vyake.

"Ungeniambia," akasema Mama Louise.

"Namna gani, mama? Tangu yaya afukiwe, nyumbani hucheki. Ni hapa tu unacheka. Ningekunyima namna gani?"

Mama Louise akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Mtangazaji akamnong'oneza Marcellin kwamba saa kumi haiko mbali, na Marcellin akasimama.

"Kesi imekwisha, hakuna mukosaji wa kufunga. Tupige kura. Golikipa wa Nyangwe ni uleule. Mikono yake ni ileile."

Walipiga kura. Jean-Pierre alimpigia Nathanaël, maana mwanamume habadilishi timu kwa sababu ya machozi, lakini aliinua mkono bila ubishi. Abdallah alimsaliti nyanya yake. Mikono ya kumpigia kipa ilijaza ukumbi.

Magloire akakimbilia mashine. "Mama Louise, naandika Aristote upya. Ni ya redio tu, mara moja. Kisha narudisha Yaya. Mara moja haitamufanya mutoto kitu!"

Elsa hakubisha. Alimkumbatia mtoto, akamtazama mama yake. Jina lililosubiriwa kila Jumamosi lilikuwa pale, karibu kuliko siku zote.

Mama Louise akainuka. Akaenda kwa binti yake, akanyoosha mikono, akapokea mtoto. Mtoto alikuwa amelala tena, jasho puani.

"Acha vile," akamwambia Magloire.

"Lakini mama, ni hii ulingoja!"

"Nimesema acha. Nilikuwa nalilia jina, na jina iko nyumbani kwangu inanyonya."

Mtangazaji alikwisha kuwa na simu mdomoni. "Mama, huyu Yaya nitamutambulisha namna gani? Watu watauliza ni nani."

"Sema ni mutoto ya Louise, wa kwanza. Sema nilimupenda." Akamfunika mjukuu wake sikio kwa kiganja. "Na useme polepole. Aristote amelala."

Mtangazaji akasema hivyohivyo, kwa sauti ya chini, mpaka studio wakamwambia hawamsikii. Hakuongeza sauti. Ukumbi mzima wa Abdallah, na Jean-Pierre ndani yake, ukashangilia kwa kunong'ona.